Mkate wa Kumega na Lugha ya Jikoni

Jamaa zangu wapenzi wa Dubai, wa Maskati, wa Unguja, wa Mombasa, wa London na wa Toronto,

Wanaosimamia kitabu chetu cha mwaka wameniomba niandike juu ya mapishi. Nadhani walitarajia mkate wa kumimina, kwa kuwa ndio ninaoulizwa kila tukikutana. Naomba radhi. Mwaka huu nataka kuandika juu ya mkate mwingine, ule uliotugombanisha Hatta, kwa sababu ugomvi ule haukwisha vizuri na kila mmoja aliondoka nao akenda nao kwake. Hii ni rai yangu mwenyewe. Asiyekubaliana nami, na aandike mwakani, nitamsoma.

Kwa wale ambao hawakuwapo, nianze na khabari yenyewe. Kama mnavyojua, siku za mapumziko ya Sikukuu ya Taifa, tarehe 2 Disemba, huwa tunakodi nyumba kule Hatta, kiasi cha kilomita 130 kutoka mjini Dubai. Wazee wetu waliipenda Hatta tangu zamani. Milima ya Hajar, mitende, falaji na ngome ile ya mwaka 1896 viliwakumbusha vijiji vya babu zao huko Oman, ambayo iko hapo hapo nyuma ya mlima. Sisi tuliozaliwa Unguja tunapenda zaidi baridi yake. Watoto wanapenda bwawa na mashua. Kila mtu anapata chake.

Usiku wa kwanza, mjukuu wangu wa miaka kumi na minne alitoa mkate alioupika mwenyewe. Ni mkate wa madonge madogo madogo, yamepakwa siagi yenye kitunguu thomu na kotmiri, katikati yake jibini, yote yamepangwa katika chombo kimoja na kuchomwa pamoja. Haukatwi kwa kisu. Unawekwa katikati na kila mtu anamega donge lake, na jibini linavutika kama uzi. Watoto waliuvamia. Kaka yangu mkubwa, ambaye wengi wenu mnamwita Ami, aliusogeza kwa mgongo wa mkono akasema, "Huu mkate wa nani? Mkate wa kumimina uko wapi? Mwacha asili ni mtumwa."

Mtoto hakuyajua maneno, lakini sura ya Ami aliielewa. Alimgeukia mama yake akamwuliza kwa Kiingereza, "Amesema nini?" Mama yake akatafuta jinsi ya kumfasiria, akashindwa. Mtoto akainuka, akatoka nje, na usiku ule hakurudi mezani.

Waliobaki mezani wakagawanyika. Wengine walisema Ami ana haki, kwamba tumekuwa watu wa kula kila kinachopita. Wengine walisema amemvunja moyo mtoto aliyejitahidi. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kumenikereketa mwaka mzima. Kwa hivyo nasema sasa.

Nianze na asili, kwa kuwa ndiyo iliyotajwa. Tuutazame mkate ule kipande kwa kipande. Hamira ni neno la Kiarabu. Thomu ni la Kiarabu, na jibini vile vile. Kotmiri ni neno lililotufikia kutoka Bara Hindi. Maneno haya hayakuja jana. Yamo midomoni mwa mabibi zetu tangu kabla ya yeyote kati yetu kuzaliwa, na hapana mtu aliyewaambia kuwa wameacha asili kwa kuyatamka. Chapati tunazojivunia ni za Kihindi. Muhogo uliletwa na Wareno kutoka Amerika ya Kusini. Na hata karafuu, ambayo Mzanzibari akiinusa tu macho humlenga machozi, ilikuwa mgeni; kwao ni visiwa vya Maluku huko Indonesia, na Unguja haikupandwa mpaka mwanzoni mwa karne ya 19. Watu wa pwani hatukuwahi kuwa watu wa chungu kimoja. Tulipokea, tukatia tui, tukatia iliki, kikawa chetu.

Wala mkate wa kumega si mgeni hapa tunapoishi. Jirani zetu wa Ghuba wana ule wanaouita khaliyat nahal, yaani mzinga wa nyuki: madonge yanapangwa duara, jibini ndani, asali au shira juu, na watu wanamega. Alichofanya mjukuu wangu ni kuondoa asali na kutia thomu. Na sisi wenyewe, tangu lini tulikula mkate kwa kisu? Mkate wa ufuta tulimega. Mkate wa mofa tulimega. Sinia ilikuwa moja na mikono ilikuwa kumi. Ukiniuliza mimi, mkate ule uko karibu zaidi na sinia ya mama yetu kuliko ile mikate ya vipande ya dukani tuliyokuja nayo katika mifuko ya nailoni, ambayo Ami aliila asubuhi bila ya kusema neno.

Hata hivyo, Ami nampa haki katika jambo moja, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kweli kuna kitu kinatutoka. Lakini hakikuwamo katika chakula. Kilikuwamo katika lile swali la mtoto: "Amesema nini?" Tumemrushia methali ya kumkumbusha asili yake kwa lugha ambayo hatukumfunza. Sasa nani aliyeiacha asili hapo, yeye au sisi?

Tuseme kweli. Katika watoto kumi na saba waliokuwapo Hatta, wanaosema Kiswahili kwa ulaini hawazidi wanne. Wengi wanasikia kidogo na kujibu kwa Kiarabu au Kiingereza. Wa Toronto wanajua "njoo", "kula" na "nyamaza". Haya si makosa yao. Sisi wazee wao tulipofika nchi hizi tulikuwa na haraka ya kuwaona wamefanikiwa skuli. Tulisema nao lugha ya skuli ili wasichekwe, na Kiswahili tukakiweka kwa ajili ya kugombana na kusengenya. Mtoto akiingia jikoni tulimwambia, "Toka, nenda ukasome, utanichelewesha." Mimi nimeyasema maneno hayo mara nisizoweza kuzihesabu. Tulidhani tunawaondolea kazi, kumbe tulikuwa tunawatoa darasani.

Maana mimi Kiswahili changu sikukipata skuli. Nilitoka Unguja mwaka 1964, msimu wa kusi, nikiwa na miaka tisa, na skuli nilizosoma baada ya hapo zote zilikuwa za Kiarabu. Kiswahili nilikipata kwa mama yangu, kwenye chumba kimoja na jiko moja la mafuta ya taa hapa Dubai, nikikanda unga. Nilikaa naye kwa sababu unga ulihitaji mikono minne, na kwa sababu unga ukishafinikwa hakuna la kufanya isipokuwa kungoja. Wakati wa kungoja ndipo aliponieleza nani kaoa wapi, nani alikuwa na shamba gani, neno gani husemwa mbele ya wakwe na neno gani halisemwi. Unga ulipoumuka, nami nilikuwa nimejua jambo.

Sasa nieleze lililotokea usiku wa pili, kwa kuwa wengi wenu mlikuwa nje mkichoma nyama na hamkuliona.

Nilimwita mjukuu wangu nikamwambia, "Nifunze mkate wako." Alinitazama kama mtu asiyeamini, kisha akaja. Nikawaita na wadogo wanne, mmoja wao mvulana wa miaka kumi na mmoja. Nilitoa sharti moja: yeye atanifunza mkate, mimi nitamfunza majina ya kila anachokifanya. Tukaanza. "Hivi unakanda." "Hivi unafinika." "Hivi unapaka." "Hivi unamega." Kufika kwenye kuumuka tukakwama, kwa sababu unga wenyewe haukuumuka.

Mjini Dubai, wakati wa joto, unga wa namna ile hupanda kwa saa moja au chini yake. Hatta mwezi wa Disemba jua likizama, baridi ya milimani hushuka, na nyumba ile sakafu yake ni ya mawe. Hamira ni kitu chenye uhai. Inakula sukari iliyomo katika unga, inatoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayouinua unga. Ikipata joto la kiasi inafanya kazi mbio. Ikipata baridi inajikunyata kama mzee. Ikitiwa katika maji ya moto sana inakufa, na hapo hapana dawa. Baada ya saa nzima tulifinua bakuli tukakuta donge liko vile vile. Watoto walitaka kulitupa. Nikawaambia, "Halijafa, linaona baridi. Tungoje." Tukaliweka ndani ya oveni isiyowashwa, pamoja na sufuria ya maji ya moto chini yake, tukafunga mlango, tukakaa chini mbele ya oveni sote sita.

Tulikaa saa moja na nusu nyingine. Katika saa hiyo na nusu yule mvulana aliniuliza, nusu kwa Kiarabu na nusu kwa Kiswahili, kama katika jahazi tulilokuja nalo mlikuwa na jiko. Jamaa zangu, nimekaa nchi hii zaidi ya miaka sitini, na hapana mtoto wetu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikawaeleza. Jiko lilikuwa kasha la mbao lililojazwa mchanga, moto ukawashwa juu ya mchanga ili jahazi lisiungue. Nikawaeleza jinsi mama alivyokesha usiku kabla ya safari akichoma mikate ya ufuta, akaifunga katika shuka, na jinsi tulivyoimega siku nne, kila siku migumu zaidi, mpaka tukawa tunaichovya katika chai ya rangi. Neno wasilolijua walilisimamisha: "Shuka ni nini? Kuchovya ni nini?" Nilifasiri kwa mikono. Mjukuu wangu mkubwa akauliza, "Aliulilia mji wake?" Kwa Kiswahili. Kosa lilikuwapo au halikuwapo katika sentensi ile sikumbuki, lakini jibu alilipata.

Nilipogeuka niliona Ami amesimama mlangoni. Sijui alikuwapo tangu lini. Hakusema kitu, akavuta kiti akakaa.

Kwa hivyo rai yangu ni hii: mkate wa kukanda nyumbani, uwe wa jibini au wa ufuta, ndio skuli ya lugha tuliyobaki nayo, kwa sababu unatulazimisha kungoja pamoja. Mkate wa dukani unatupa kila kitu isipokuwa ile saa ya kungoja. Na saa hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiihitaji.

Kwa wale watakaotaka kujaribu, nawapa kipimo kama alivyonifunza mjukuu wangu, pamoja na niliyoongeza mimi.

Chukueni nusu kilo ya unga wa ngano, pakiti moja ya hamira ya gramu 7, sukari kijiko kimoja cha kulia, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, siagi gramu 50 iliyoyeyushwa, na maziwa ya vuguvugu kikombe kimoja na robo. Vuguvugu maana yake utie kidole na usikione kinaungua. Kandeni dakika kumi kamili mpaka unga uwe laini na uache kushika mikono. Ukiwa bado unashika, msikimbilie kuongeza unga mkavu, kandeni kwanza. Ufinikeni kwa kitambaa kibichi mpaka uwe mara mbili. Msiangalie saa, angalieni unga.

Wakati mnangoja, pondeni punje sita za thomu, zichanganyeni na siagi gramu 100 iliyolainika, kotmiri iliyokatwa ndogo ndogo, na zaatari kidogo kwa anayependa. Hapa nina onyo. Theluthi moja ya siagi hiyo iwekeni kando. Thomu ikikaa juu ya mkate ndani ya oveni tangu mwanzo inaungua na kuwa chungu. Ile ya kando ipakwe mkate ukishatoka, ungali moto.

Unga ukishaumuka, ugaweni madonge kiasi cha thalathini. Hii ni kazi ya watoto, na wala msiwakosoe kwa ukubwa. Kila donge lipakwe siagi, lipangwe katika chombo cha kuchomea keki, na kati ya safu na safu nyunyizeni jibini iliyokwaruzwa, gramu 200 hivi. Jibini iwe kavu. Ile inayouzwa ndani ya maji inatoa majimaji na madonge ya chini yanabaki mabichi. Msiyakandamize, acheni nafasi. Yafinikeni tena nusu saa, kisha chomeni kwa nyuzi 180 kwa dakika 30 hadi 35. Juu ikiwahi kugeuka rangi kabla ya ndani kuiva, ifinikeni kwa karatasi ya alumini. Mkate ukitoka, ngojeni dakika kumi. Jibini ya moto imekwisha kuunguza ndimi mbili katika ukoo huu.

Sasa nafika kwenye pendekezo, maana rai bila ya pendekezo ni maneno tu. Nataka mkutano wetu ujao wa Hatta uwe na mambo matatu.

La kwanza, tusibebe mkate wa dukani hata kipande. Kila nyumba ije na unga wake na hamira yake, na ikande pale pale.

La pili, kila bakuli likandwe na mkubwa mmoja na watoto wawili, na wasiwe wa nyumba moja. Mtoto wa Toronto akande na bibi wa Maskati. Wa London akande na mjomba wa Mombasa. Nimesema mjomba makusudi. Wanaume nao wakande. Mikono yao ina nguvu kuliko yetu, na khabari wanazozificha wao ni nyingi kuliko zetu.

La tatu, tangu unga unapofinikwa mpaka mkate unapotoka, jikoni isemwe Kiswahili tu.

Najua litakaloambiwa. Mtu atasema kwamba aliyesafiri kutoka Kanada anataka kupumzika, si kukanda. Namjibu kuwa kukanda ni dakika kumi. Zilizobaki zote ni za kukaa. Mwengine atasema, na huyu ana neno, kwamba tuna wakwe ambao si Waswahili, wake wa watu wa hapa na waume wa Kizungu, na watoto wenye haya. Sharti hili litawafunga midomo. Nimelifikiria sana hili. Jawabu langu ni kuwa asiyejua neno aulize, na kuuliza kwa lugha yoyote kunaruhusiwa. Kinachokatazwa ni kucheka. Atakayemcheka mtoto kwa kusema "mkate yangu" ataosha masufuria yote ya usiku huo, awe nani. Kicheko ndicho kilichoua Kiswahili katika nyumba zetu kabla ya skuli kukiua. Mtoto hujaribu mara moja, akachekwa, na hajaribu tena.

Na mkate wa kumimina? Nitaupika, msihofu. Mchele utaroweka usiku, tui litakamuliwa, na nataka watoto watatu wa kunisaidia. Uwekwe mezani pamoja na ule wa jibini, na kila mtu amege apendacho. Methali ya Ami ni ya kweli, wala sina ugomvi nayo. Naomba tu kwamba siku nyingine akimtolea mtoto, kwanza amfasirie.

Nimalizie kwa kuwapa khabari waliokuwa nje wakichoma nyama. Mkate ulitoka saa nne na nusu za usiku, umechelewa sana, na umeegemea upande mmoja kwa sababu ya madonge ya watoto. Ami alikuwa bado yuko kitini. Mjukuu wangu alimpelekea donge moja katika kisahani, akasimama mbele yake akatafuta neno. Akasema, "Ami, mega." Akamega. Hakuusifu. Aliuliza kama lipo jengine, na lilikuwapo.

Tukijaaliwa, tuonane Hatta mwezi wa Disemba. Njooni na hamira mpya. Ya zamani haiumui.

Ni mimi, bibi yenu na shangazi yenu,
Dubai